Ukimpenda Chihuly, katazame vikapu

Mimi ni fundi wa vioo hapa Jinja, Uganda. Nakata vioo vya madirisha, vya milango na vya kabati za maduka, na kioo kinachonifikia huwa kimenyooka tangu kinakotoka. Kwa hiyo siku mteja aliponionyesha kwenye simu yake picha ya dari ya hoteli ya Bellagio, kule Las Vegas, niliikodolea macho mpaka akaniomba simu yake. Maua yapatayo 2,000 ya kioo, mekundu, ya bluu, ya manjano, yamepandana darini kama mayungiyungi yaliyojaa ghubani. Yaliwekwa pale mwaka 1998. Aliyeyabuni ni Dale Chihuly, Mmarekani aliyezaliwa Tacoma, jimbo la Washington, mwaka 1941.

Tangu siku hiyo nampenda mtu huyu, na sioni haya kusema hivyo. Nimetazama video zake usiku mwingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini nilimpenda vibaya kwanza, na ndiyo sababu ya kuandika. Kama nawe una msanii anayekunyima usingizi, awe wa kioo, wa mbao au wa kitambaa, labda nitakupunguzia hasara niliyoipata mimi.

Nilianza kwa kuiga. Mwenye nyumba moja ya wageni alitaka thurea, zile taa kubwa za matawi zinazoning'inia, nami nikamwahidi kitu kama cha Chihuly. Nilikusanya chupa za rangi, nikazipeleka kwa mhunzi mwenye mivukuto mizuri, tukazilainisha kwenye makaa na kuzipinda kwa koleo. Zilipendeza kweli. Nikazipanga mezani zipoe, nikaenda kulala. Usiku nilisikia mlio mkali, kisha mwingine. Asubuhi nilikuta vipande. Chache zilizosalia nilizitundika, nazo zikapasuka ndani ya wiki. Nilirudisha fedha za watu.

Basi ushauri wangu wa kwanza: kabla ya kuiga kazi, nenda ukasimame karibu na mtu anayeifanya. Mimi nilipanda basi la usiku, nikavukia Busia hadi Nairobi, nikaenda Kitengela, kusini mwa mbuga ya wanyama ya Nairobi, ambako wanapuliza kioo kilichoyeyushwa kutokana na vioo chakavu. Pale nilielewa kilichoniulia chupa. Kioo cha moto kikiachwa hewani, ngozi ya nje hupoa na kusinyaa mapema huku ndani bado kuna moto. Mvutano huo hubaki umefungwa ndani, na siku ukijifungua, kioo kinapasuka. Mafundi wa kupuliza hawawachi kazi mezani. Huiingiza kwenye tanuri la kupozea, kwenye joto la karibu nyuzi 500, kisha hulishusha polepole kwa saa nyingi. Kitu kinene huchukua siku kadhaa.

Jambo la pili nililoliona pale ndilo lililobadilisha macho yangu. Kioo kikitoka kwenye tanuri la nyuzi 1,100 au zaidi, kinaning'inia kwenye ncha ya bomba la chuma la kupulizia kama asali nzito. Fundi halisimamishi bomba hata kidogo. Analizungusha akitembea, akikaa, akipuliza, akizungumza na msaidizi wake. Akisimamisha, kioo kinalegea na kuinama upande mmoja. Kazi yake yote, saa zote, ni kukizuia kisilegee.

Niliporudi nyumbani nikasoma tena habari za Chihuly, safari hii nikitafuta vitu alivyovitazama yeye. Mwaka 1977, katika mji wake wa Tacoma, aliona vikapu vya wenyeji wa asili wa pwani ile vilivyohifadhiwa na chama cha historia cha jimbo. Vilikuwa vikuukuu, vimewekwa kimoja ndani ya kingine, vimebonyea kwa uzito wao wenyewe. Kutoka hapo akafanya vikapu vya kioo chembamba sana, akaacha moto na uzito uliotaka kuviinamisha uviinamishe. Jambo ambalo kila mpuliza kioo alifundishwa kulizuia, yeye alilipa nafasi. Alikuwa amekwisha kwenda Murano, kisiwa cha wapuliza kioo huko Venisi, Italia, mwaka 1968 kuona mafundi wa kiwanda cha kioo cha Venini. Ustadi wa wakubwa aliujua. Lakini umbo lililomfungulia njia alilikuta kwao, kwenye kikapu kilichochoka.

Nilipolisoma hilo nilinyanyuka. Bibi yangu mzaa mama, wa Tooro, magharibi mwa Uganda, alituachia endiiro yake, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka cha kuwekea kalo, ugali wa ulezi. Kimesukwa kwa mizunguko ya mabua ya ulezi iliyofungwa kwa rafia. Kilikaa juu ya kabati letu miaka mingi, ubavu mmoja umeingia ndani, na siku zote nilikiona kimeharibika. Nilikishusha, nikakiweka dirishani. Ule ubavu uliobonyea unashika mwanga wa asubuhi kuliko upande mzima. Miaka mingapi nimekipita nikienda kutafuta uzuri kwenye simu?

Kwa hiyo usiulize tu msanii wako amefanya nini. Uliza alitazama nini akiwa hajulikani, kisha utafute cha kwenu kinachofanana nacho.

Kuna wanaovunjika moyo wakisikia kwamba Chihuly hapulizi mwenyewe. Ni kweli. Mwaka 1976, nchini Uingereza, ajali ya gari ilimpotezea jicho la kushoto. Mwaka 1979 bega lake liliteguka akicheza na mawimbi baharini, hakuweza tena kushika bomba. Akawaachia wengine nafasi ya fundi mkuu, naye akachora ili kikosi chake kione anachotaka. Mimi hilo limenizidishia heshima. Kazi ile haikuwa ya mtu mmoja hata alipokuwa mzima: mmoja analeta kioo, mwingine anapuliza, mwingine anashika mlango wa tanuri. Katika karakana yangu nina vijana watatu, na kabla ya kujua habari hii sikuwahi kuwachorea kitu. Niliamrisha tu, kisha nikakasirika walipokosea.

Siku hizi jioni tunachora, kwa mkaa, juu ya maboksi ya vioo. Tunachora endiiro ya bibi, kila mmoja kutoka upande wake. Mdogo wao ndiye aliyekamata ule ubavu sawasawa. Mchoro wake nimeukunja ndani ya daftari. Nikipata nauli ya kurudi Kitengela nitaubeba, niwaombe wanipulizie umbo hilo kwa kioo cheupe kisicho na rangi yoyote, na walisimamishe bomba kidogo.