Mchungwa mchanga ukigeuka njano, usikimbilie busta

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mwezi wa nne nilipanda miche 40 ya michungwa ya kubebesha hapa Pongwe, Tanga. Kila shimo nilitia ndoo ya samadi ya ng'ombe kutoka zizini na kiganja cha urea, kisha nikafukia mpaka juu ya kiungio, pale mche ulipobebeshwa, ili upepo wa kusi usiilaze. Namwagilia kila siku. Sasa mishipa ya majani imekuwa ya njano, na miche mingine inanyauka mchana. Dukani wananiambia nipulizie busta, ile mbolea ya maji ya majani. Ninunue ipi?

JIBU: Marahaba. Usinunue yoyote.

Tazama hilo jani tena. Mchungwa ukikosa chuma au zinki, mishipa hubaki kijani na katikati yake ndiko kunakopauka. Wako ni kinyume chake: mshipa ndio njano. Hiyo ni dalili ya mizizi au ganda la shina kuumia. Mche wenye mizizi iliyoungua hauna njaa; hauna mdomo wa kulia. Hata hivyo kila msimu wakulima wanauziwa chupa kwa sababu jani ni njano, na muuzaji hajauliza hata shimo lilipandwaje.

Urea uliyoitia shimoni hugeuka amonia, nayo huunguza mizizi michanga. Chumvi iliyobaki huvuta maji kutoka kwenye mizizi badala ya kuyaachia yaingie. Samadi mbichi inaongeza amonia na joto juu yake. Shimoni huingia samadi iliyooza tu, ile isiyonuka wala kuwa na joto ukiishika, debe moja, iliyochanganywa vizuri na udongo wa juu. Mbolea ya dukani ingoje.

Lakini kinachoua michungwa mingi, na watu hawataki kusikia, ni kufukia kiungio. Tunabebesha mchungwa juu ya mlimau, pamoja na sababu nyingine, ili ganda la mchungwa lisiguse udongo, maana ni dhaifu mno kwa ugonjwa wa kuoza shina. Vimelea vyake huishi kwenye udongo na husambaa kwa maji. Ukifukia kiungio na kumwagilia kila siku, umeupelekea ugonjwa ganda hilo. Utaona gundi ikitoka chini ya shina, ganda likilainika na kuwa kahawia. Likioza kuzunguka shina lote, mti umekwisha. Kama ni upepo, simika kigingi pembeni na ufunge mche kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, ulegee kidogo.

Leo jioni anza kufukua. Ondoa udongo mpaka kiungio kionekane na uifikie mizizi ya juu kabisa. Hiyo ndiyo inayopaswa kuwa karibu na uso wa ardhi, na kiungio kibaki sentimita 15 au zaidi juu yake. Ukiona kufukua kutaacha bakuli la kutuamisha maji, chimba kuzunguka sentimita 30 kutoka kwenye shina, uunyanyue mche na bonge lake, uujazie udongo chini na kuushindilia. Hapo kagua mizizi. Iliyo hai ni nyeupe au ya manjano mpauko. Iliyooza ganda lake huvuka ukiivuta, ukabaki na uzi mkononi. Mche wenye mizizi ya hivyo mingi ng'oa, usiupotezee muda.

Iliyobaki itilie kivuli cha makuti. Kabla ya kumwagilia, chimba sentimita 15, ufinyange udongo: ukishikamana, acha. Mche unaonyauka kwenye udongo uliolowa unakosa hewa, na maji zaidi yatauzamisha. Kwa kawaida lita 15 mara mbili kwa wiki zinatosha wakati wa kiangazi. Matandazo weka, lakini yasiguse shina, na uyachungulie mara kwa mara kwa ajili ya mchwa.

Mbolea ya CAN, ya kukuzia, itakuja machipukizi mapya yakishakomaa na mvua ipo: gramu 50, kama visoda 10, kwa kuzungushia sentimita 30 kutoka kwenye shina. Machipukizi ya chini ya kiungio yang'oe; hayo ni mlimau.

Kuhusu busta, zipo sehemu za Tanga zenye mawe ya chokaa, kama upande wa Amboni, ambako chuma hukwama kwenye udongo na kupulizia kunaweza kusaidia. Lakini hilo huamuliwa kwa kupima udongo, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano pale Muheza ndiko kwenye kazi ya udongo. Anayekuuzia dawa bila kuona shamba wala kipimo anabahatisha kwa fedha yako.

Mapengo yajaze vuli. Unaponunua, kataa mche usioonyesha kovu la kubebesha, maana miche ya mbegu huuzwa kwa bei ya kubebesha. Kisha omba kiriba kimoja kichanwe mbele yako: mzizi mkuu uliojikunja chini kama ndoana hautanyooka shambani, hata ukiununua kwa nusu bei.