Limelala?

Mmeuliza wiki hii: "Ulitumia nini kufifisha kovu la upasuaji baada ya kujifungua?" Nimekunja uso kwenye daladala. Kovu lenyewe liko chini kabisa, mstari uliolala pale chupi inapoanzia. Nani analiona? Mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuniuliza habari za kovu. Wanauliza, "Kwani ulishindwa kusukuma?"

Siku ya tisa shangazi yangu alishuka basi la Tanga na kikapu: mafuta ya nazi, majani ya mwarobaini, na mkaja mpya (ndiyo, mkaja, kile kitambaa cha kumfunga mzazi tumbo, ule ambao wakwe huulipia kwenye mahari na wengi hawajui ni wa nini). Hata chai hakunywa. Akabandika sufuria kubwa. Nikamwambia, "Shangazi, muuguzi kakataza, mshono usikandwe." Akacheka. "Mabonge ya damu yasipotoka, mwanangu, hilo tumbo utazeeka nalo." Akachovya taulo, akalikamua, mvuke unapanda, akaja. Nilipiga kelele hadi mtoto akaamka.

Akasimama na taulo lake. Kisha akainua kanga yangu taratibu, akaangalia. Amekanda wazazi wa ukoo mzima, ila mshono mbichi hakuwahi kuutazama kwa karibu. "Hapa ndipo alipotokea?" Nikasema ndiyo. Akakaa kitandani. Siku ile alinikanda mgongo na miguu tu, mkaja akaukunja akauweka juu ya kabati. "Nitakufunga pakikauka." Tangu hapo kila asubuhi aliomba kuona, kama mtu anayekagua mche alioupanda.

Haya, swali lenu. Kidonda kibichi sikukipaka kitu, hata asali ya jirani niliikataa. Baada ya wiki sita daktari aliniruhusu kulisugua kovu kwa vidole, polepole, kila jioni. Nilitumia mafuta ya shangazi, lakini nadhani kazi ilifanywa na vidole. Upande wa kulia ukaanza kuwasha, ukavimba kupita pale kisu kilipopita: keloidi. Kwetu hata kutoga masikio huacha vinundu, ningelijua mapema ningelimwambia daktari tangu mwanzo. Nikapaka jeli ya silikoni kwa miezi, kisha nikachomwa sindano kwenye kinundu chenyewe, zaidi ya mara moja, na inauma. Kimepungua. Hakijaisha.

Naona nimeanza kwa kusema nani analiona, na sasa nawahesabia tyubu. Basi ndiyo, nililijali. Nilikuwa naliona mimi. Ambaye kwao hakuna keloidi, mwacheni anunue nepi. Kovu hufifia lenyewe, lipeni mwaka mmoja au zaidi. Mwenye keloidi kwao aende hospitali mapema, asinisikilize mimi wala shangazi.

Ila nikipasuliwa tena huenda watapita palepale, walitoe kovu la zamani na kushona upya, kwa hiyo sijui nahangaika na nini. Tyubu imebaki nusu, nitaimaliza. Shangazi bado hupiga simu kuuliza, kabla hata ya salamu: "Limelala?"