Thomas Lincoln, mkulima aliyehamishwa na hati

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii linatutaka tumtaje mkulima wa zamani aliyesemwa vibaya kuliko alivyostahili. Namtaja Thomas Lincoln, baba yake Abraham Lincoln, rais wa zamani wa Marekani; Thomas ndiye ambaye wengi walioandika maisha ya mwanawe wamemwonyesha kama mvivu asiyetulia, mtu wa kuhamahama kwa sababu jembe lilimshinda.

Ukizifuata hati za ardhi, habari hubadilika. Thomas alizaliwa Virginia mwaka 1778, na alikuwa bado mtoto mdogo baba yake alipouawa huko Kentucky, katika mapigano ya walowezi na wenyeji waliokuwa wakinyang'anywa nchi yao. Urithi ulimwendea Mordecai, kaka yake mkubwa, naye Thomas akakua kwa vibarua, akajifunza useremala, akajinunulia mashamba kwa jasho lake. Lakini Kentucky mipaka ilitajwa kwa mti, jiwe au kijito, na madai yalipandana hata mahakama zikafurika. Shamba la kwanza lilimpungukia kwa makosa ya vipimo, la pili likamponyoka kwa deni la mmiliki wa awali, na la tatu akashtakiwa ili aondolewe. Mwanawe mwenyewe aliandika mwaka 1860 kwamba walihama kwa sababu ya utumwa kwa kiasi fulani, ila hasa kwa sababu ya matatizo ya hati. Msomaji ambaye ukoo wake umewahi kupigania kiwanja hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwishoni mwa mwaka 1816 Thomas alivuka mto Ohio pamoja na mkewe, Nancy Hanks, na watoto wao wawili, Sarah na Abraham, wakaingia msitu wa Little Pigeon Creek, Indiana, ambako serikali ilikuwa imekwisha kupima ardhi kwa miraba. Mwaka uliofuata alikwenda ofisi ya ardhi ya Vincennes kuandikisha ekari 160, kila ekari dola 2, na mwaka 1827 akarudisha nusu ili amalize kulipia nusu iliyobaki. Mvivu gani huyo, anayekubali kupoteza ekari 80 ili zile 80 nyingine ziwe zake kweli?

Oktoba 1818 Nancy alifariki kwa ugonjwa wa maziwa, sumu ya mmea wa porini unaoliwa na ng'ombe na kumfikia mnywaji. Thomas alipasua mbao akatengeneza jeneza, na inasimuliwa kwamba Abraham, mwenye miaka tisa, ndiye aliyechonga misumari ya mti ya kuliunganishia. Baada ya mwaka mmoja hivi baba alirudi Kentucky kumwoa Sarah Bush Johnston, mjane mwenye watoto watatu, ambaye alifika na vyombo vyake vizuri, akakuta nyumba ya magogo yenye sakafu ya udongo, akamtaka mumewe aweke ya mbao. Watoto wa Nancy aliwalea kama wa tumbo lake.

Sisemi kwamba Thomas hakuwa na kasoro. Alijua kuandika jina lake tu, tena kwa shida, na alimtuma mwanawe vibarua kwa majirani na kupokea ujira wake, jambo ambalo sheria ya wakati ule ilimruhusu, lakini kijana mpenda vitabu halikumpendeza. Mwaka 1830 familia ilihamia Illinois. Abraham akaondoka nyumbani mwaka uliofuata, na umbali kati yao haukupungua tena. Januari 1851, baba alipokuwa kitandani mahututi, mwana aliandika kwamba kama wangeonana huenda uchungu ungezidi furaha. Hakwenda kumwona, wala hakwenda mazikoni.

Alikwenda Coles County, huko Illinois, mwishoni mwa Januari 1861, akiwa rais mteule anayejiandaa kwa safari ya Washington, kumuaga mama yake wa kambo. Katika safari hiyo alifika pia kwenye kaburi la baba yake, miaka kumi baada ya kuzikwa.