Jibu: Mpelelezi wako anaonekana kama mpiga ramli

Salaam ndugu. Unasema mpelelezi wa hadithi yako, mwanasaikolojia, anamjua mhalifu mapema mno na wasomaji hawamwamini. Kagua kwanza: mhalifu amejisaliti wapi? Nami nilikwama papo hapo, nikaokolewa na kisa cha George Metesky, aliyetega mabomu New York kuanzia 1940. James Brussel, daktari wa magonjwa ya akili aliyewasaidia polisi, alizisoma barua zake akaona herufi zote zimenyooka isipokuwa W, iliyoviringwa. Akashauri polisi watangaze waziwazi wanachokijua. Gazeti likamwandikia mtega mabomu barua ya wazi, naye, kwa kinyongo chake, akajibu hadi kutaja tarehe aliyoumia kazini: 5 Septemba 1931! Akakamatwa Januari 1957. Mpe mhalifu wako kinyongo cha namna hiyo, halafu mwache aandike. Sura ya mwisho hujaiweka, kwa hiyo siwezi kuisemea.