Kabla hujanyoosha mkono: kwa mjumbe mpya wa baraza la mji mdogo

Nilikaa kwenye baraza la mji mdogo kwa vipindi viwili. Tulikuwa wajumbe watano, pamoja na karani aliyeijua kazi kuliko sisi sote. Kikao changu cha kwanza nilinyoosha mkono mara tisa. Nilipofika nyumbani usiku ule mwenzangu akaniuliza tumeamua nini, nikabaki natafuta maneno. Tulichozungumzia nilikikumbuka chote. Tulichoamua sikukijua.

Kama umechaguliwa juzi, au unafikiria kugombea, shika hili kabla ya mengine yote: baraza linaamua kwa sentensi iliyosomwa kwa sauti, ikaungwa mkono, ikapigiwa kura na kuandikwa. Mengine yote mnayosema ukumbini, hata yawe matamu kiasi gani, ni maongezi.

Mimi nilifundishwa na mfereji. Ilikuwa inakaribia saa nne usiku, ajenda imekwisha, tumefika kwenye mengineyo. Mjumbe mwenzetu akasema maji ya mvua yanaingia kwenye nyumba za mtaa wa chini kwa sababu mfereji umeziba. Kila mtu alikuwa na la kusema, na wote tulikuwa upande mmoja. Mwenyekiti akauliza, "Tumekubaliana, waheshimiwa?" Tukaitikia kwamba tumekubaliana, tukafunga kikao, tukaenda kulala. Muhtasari, yaani kumbukumbu rasmi ya kikao, ulipotoka uliandikwa hivi: "Kikao kilikubaliana kuwa suala la mfereji lishughulikiwe." Ukaletwa kikao kilichofuata, tukauthibitisha, mwenyekiti akatia saini.

Mvua za msimu uliofuata zilipokuja, maji yaliingia tena kwenye nyumba zile zile. Mama mmoja mtu mzima alikuja kikaoni na nakala ya muhtasari ule, aliyoiomba kwa karani. Alikuwa amepiga mstari wa kalamu nyekundu chini ya neno "lishughulikiwe". Muda wa wananchi ulipofika akasimama, akaisoma sentensi yetu yote polepole, kisha akauliza, "Wanangu, nani alitakiwa kulishughulikia?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. Mhandisi wa mji hakuwa amepewa kazi, mhasibu hakuwa ameonyeshwa fungu, tarehe haikuwepo. Na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na nia mbaya, jambo ambalo linanisumbua mpaka leo, kwa sababu godoro lililolowa halijui nia ya mtu.

Hoja ile ingetakiwa kusomeka hivi: "Kikao kinaazimia kwamba mhandisi wa mji azibue mfereji kuanzia kalavati la juu hadi la mwisho kabla ya tarehe fulani, gharama zitoke kwenye fungu la matengenezo ya barabara, na taarifa ya utekelezaji iletwe kikao kijacho." Nani, nini, lini, kwa fedha ipi, na nani atarudi kutuambia. Ukisikia mwenyekiti anauliza "tumekubaliana?", inua mkono useme, "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba karani atusomee hoja kama alivyoiandika." Mara nyingi utakuta bado hajaandika kitu, maana hapakuwa na cha kuandika. Wenzako watakuona unawachelewesha. Wavumilie, na uombe tena kikao kijacho. Kwetu ilichukua karibu nusu mwaka hadi ikawa kawaida, na baada ya hapo mwenyekiti alianza kuiomba mwenyewe.

Tatizo la pili la usiku ule ni kwamba mfereji haukuwa kwenye ajenda. Mengineyo ni mahali pa taarifa, kama vile pole kwa mfiwa, tarehe ya kikao kijacho, au jambo la kuombewa nafasi kwenye ajenda ijayo. Maamuzi ya fedha hayana kazi pale. Mwananchi ambaye angekuja kusema neno kuhusu mfereji hakujua kwamba utajadiliwa, kwa hiyo alibaki nyumbani. Ndiyo maana sheria za nchi nyingi zinabana hapa. Katika jimbo la California, Marekani, sheria ya mikutano ya wazi inayoitwa sheria ya Brown, iliyopitishwa mwaka 1953, inadai ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla, na kwa kawaida baraza haliruhusiwi kuchukua hatua juu ya jambo ambalo halimo. Massachusetts, jimbo jingine la huko, wanadai saa 48, na Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Uingereza, mabaraza madogo ya parokia (ngazi ya chini ya serikali za mitaa, si ya kanisa) hutoa taarifa ya siku tatu kamili, bila kuhesabu siku ya kutangaza wala siku ya kikao chenyewe, na uamuzi juu ya jambo lisilotajwa kwenye wito hauna nguvu. Tafuta kanuni za kudumu za baraza lako uone zinadai ajenda itoke muda gani kabla ya kikao. Mimi nilizisoma mwaka wangu wa pili, na ningezisoma wiki ya kwanza mengi yasingetokea.

Kabrasha, yaani makaratasi ya kikao, nalo ulisome kabla ya siku ya kikao. Kuna wajumbe wanaolifungua wakiwa wameshakaa kitini. Utawajua kwa maswali yao, kwa sababu jibu huwa liko ukurasa unaofuata. Mimi nilikuwa nalisoma mara mbili. Mara ya kwanza haraka, mara ya pili na penseli, nikiandika pembeni ya kila ajenda: leo tunaombwa kupokea, kujadili, au kuamua? Hayo ni mambo matatu tofauti. Ukipokea taarifa hujaikubali, na mtumishi akija baadaye kusema "baraza lilipitisha" wakati mlipokea tu, muhtasari ndio utakaokulinda. Swali lolote la takwimu mpigie karani siku mbili kabla. Kumshtukiza mtumishi mbele ya watu kwa tarakimu ambayo hakuja nayo hakumfanyi aijue.

Kwenye taarifa ya mapato na matumizi, mimi niliomba safu tatu tu: bajeti ya mwaka, matumizi hadi leo, na matumizi ya kipindi kama hiki mwaka jana. Halafu nilitafuta mahali ambapo safu zinapishana zaidi, nikauliza hapo. Wakati mwingine jibu ni jepesi, labda ankara ya miezi mitatu imelipwa kwa mkupuo. Wakati mwingine kunakuwa kimya kwanza. Uliza vilevile kabla hujapitisha orodha ya malipo, kwa kuwa hiyo ndiyo ajenda inayopitishwa kwa kasi kuliko zote, na ndiyo inayotoa fedha.

Sasa nizungumzie kikao cha kabla ya kikao, maana hapa niliwahi kukosea vibaya. Tulikuwa na kundi la WhatsApp la wajumbe. Lilianza kwa mambo ya kawaida: nani atachelewa, kabrasha limefika, nani ana udhuru. Kisha ikaja zabuni ya ukarabati wa jengo, mmoja akaandika maoni yake, wa pili akamuunga mkono, mimi nikawa wa tatu. Tulipofika ukumbini mjadala ulichukua kama dakika mbili. Wananchi waliokuwa wamekaa viti vya nyuma walitazamana. Mmoja wao akasema kwa sauti ya chini, lakini tulimsikia, "Kumbe wameshamaliza."

Na alikuwa sahihi. Watatu kati ya watano ni akidi, yaani idadi inayotosha kikao kuwa halali. Akidi ikikutana kuzungumzia kazi ya baraza, hicho ni kikao, iwe kwenye simu, garini au msibani. Katika miji midogo ya majimbo ya Vermont na Massachusetts, Marekani, yenye mabaraza ya watu watatu, hali ni ngumu zaidi: wawili tu wakianza kujadili suala la mji, wameshatimiza akidi. Na ujumbe unaopitishwa kutoka kwa mjumbe mmoja hadi mwingine mpaka wengi wafikie msimamo, California inauhesabu kuwa kosa sawa na kukutana ana kwa ana. Usiku ule nilijitoa kwenye kundi. Ukiwa na jambo zito, mwandikie karani, yeye aliweke kwenye kabrasha ambamo kila mtu atalisoma, na mwananchi pia.

Haki hiyo ya kukaa viti vya nyuma watu waliipigania. Uingereza, sheria ya kuruhusu umma na waandishi wa habari kuingia kwenye vikao vya mabaraza ilipitishwa mwaka 1960, na aliyeipeleka bungeni ni Margaret Thatcher, akiwa mbunge mpya. Aliitetea katika hotuba yake ya kwanza kabisa bungeni. Huna haja ya kumpenda wala kumchukia kwa mengine aliyofanya baadaye. Mimi hulikumbuka hili kila ninapoona baraza linakimbilia faragha. Sababu za kufunga mlango ni chache na zinajulikana: nidhamu ya mtumishi, kesi iliyoko mahakamani, bei ya kiwanja mnachotaka kununua, na nyinginezo chache za aina hiyo. Aibu haimo. Mkitaka kutoa watu nje, hoja itaje sababu, na mkirudi, uamuzi usomwe mlango ukiwa wazi.

Maslahi binafsi yatakufikia hata kama wewe ni mwaminifu, kwa sababu mji ni mdogo na kila mtu ni ndugu, jirani au mteja wa mtu. Kuwa na maslahi si kosa. Kuyaficha ndilo kosa, na Uingereza, tangu sheria ya mwaka 2011, kuficha maslahi ya kifedha kunaweza kukufikisha mahakamani kama mhalifu. Shemeji yako ameomba zabuni? Tamka mapema ajenda inapotajwa, simama, toka nje kabisa. Usihamie kiti cha pembeni ukabaki unatazama wenzako usoni wakipiga kura. Karani aandike saa uliyotoka na saa uliyorudi.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulikubali ni kwamba mjumbe mmoja hana mamlaka. Watu watakusimamisha njiani, watakupigia alfajiri, na wana haki. Mwaka wangu wa kwanza nilimwagiza fundi wa mji apeleke kifusi kwenye barabara ya watu walioniomba. Alikwenda, kwa sababu mimi ni mheshimiwa na yeye anataka amani. Kesho yake karani akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba kifusi kile kilikuwa kimepangiwa mbele ya zahanati. Nilijisikia vibaya, na nilistahili. Mamlaka yako yako kwenye kura yako, ndani ya kikao chenye akidi. Nje ya hapo wewe ni mwananchi mwenye sikio kubwa. Kwa hiyo sikiliza, andika, mpelekee karani, kisha mrudie aliyekuomba umwambie jambo lake litaingia kikao gani. Watu wengi huridhika na tarehe ya kweli kuliko ahadi.

Muda wa wananchi kikaoni fanya hivyo hivyo. Usibishane, usijitetee, usitoe ahadi papo hapo. Mtazame anayeongea, andika jina la mtaa wake na jambo lake.

Kuhusu taratibu za kuendesha mjadala, usiziogope. Kanuni zinazotumika sana Marekani ziliandikwa na Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi, aliyezichapisha mwaka 1876 baada ya kuwahi kupewa kuongoza mkutano uliomshinda. Kwa bodi ndogo zisizozidi watu kumi na wawili hivi, kanuni hizo zenyewe zimelegezwa: hoja haihitaji kuungwa mkono, na mwenyekiti anaweza kuchangia na kupiga kura. Lakini fuata zilizopitishwa na baraza lako, kwa maana kwetu kuunga mkono kulikuwa lazima. Linalobaki palepale kote ni hoja moja kwa wakati mmoja, na marekebisho yapigiwe kura kabla ya hoja yenyewe. Ukishindwa kura, omba jina lako liandikwe kwamba ulipinga, kisha uamuzi ule utetee kama uamuzi wa baraza. Unaweza kusema hadharani kwamba ulikuwa na maoni tofauti. Kuuhujumu huwezi.

Asubuhi baada ya kikao, pita kwa karani uombe rasimu ya muhtasari wakati kumbukumbu bado ziko moto. Vermont, sheria inataka muhtasari upatikane kwa umma ndani ya siku tano. Baraza letu lilizoea kuusubiri hadi kikao kijacho, na mwezi ni mrefu, watu husahau walichosema. Soma maazimio tu kwanza. Kwa kila azimio jiulize swali la mama wa kalamu nyekundu.

Yeye aliendelea kuja. Mfereji uliporudi, safari hii kwenye ajenda, ukiwa na makadirio ya gharama na mhandisi amekaa mbele yetu, alikuwa safu ya pili na daftari la shule mapajani. Tulijadili kama nusu saa. Mwenyekiti alipotaka kupigisha kura, mama akanyoosha kidole, akaomba hoja isomwe tena. Kwa kanuni zetu hakuwa na haki ya kuomba kitu wakati ule. Mwenyekiti akamtazama karani, karani akasoma yote, kuanzia kalavati la juu hadi tarehe ya mwisho. Mama aliandika ile tarehe, akarudisha kifuniko cha kalamu, nasi tukapiga kura.