Jibu: 1541 inapepesa taa nyekundu kwa kila flopi, na FILE NOT FOUND

Mkuu, umesema Commodore 64, ile kompyuta ya zamani, inawaka vizuri lakini kila flopi unayoipa draivu yake ya 1541 inaishia kwenye taa nyekundu inayopepesa na ujumbe FILE NOT FOUND (faili halikupatikana), na unauliza kama flopi zote zimekufa. Ni mapema kusema hivyo. Ila kuanzia sasa usiingize nyingine. Flopi moja yenye kuvu inachafua kichwa cha kusomea, kichwa kichafu kinakwaruza flopi inayofuata, na iliyokwaruzwa hairudi tena.

Kwanza ziba ule mkato wa pembeni wa kila flopi ili draivu isiweze kuandika. Tumia utepe usiopitisha mwanga. 1541 inaukagua mkato huo kwa mwanga, kwa hiyo selotepu ya kung'aa haizuii kitu.

Halafu kagua flopi yenyewe. 1541 ina kichwa kimoja tu, nacho kiko chini. Juu yake kuna kipande kidogo cha sufi kinachokandamiza. Maana yake upande unaosomwa ni wa nyuma, si ule wenye lebo. Geuza flopi, izungushe polepole kwa kidole kupitia tundu la katikati, na utazame kwenye dirisha refu ukiielekeza kwenye mwanga. Madoa meupe yaliyofifia ni kuvu. Mstari unaozunguka, ambao unaona mwanga ukipenya, ni mahali ambapo utando wa sumaku umekwisha kung'oka. Kuvu hutoka kwa kijiti cha pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi: pangusa bila kukandamiza, zungusha kidogo, badili kijiti, mpaka umalize duara zima, kisha acha ikauke kabisa. Pamba ikianza kutoka na rangi ya kahawia, acha papo hapo, kwa sababu unachokifuta ni data.

Kichwa kinasafishwa hivyohivyo. Chomoa waya wa umeme kabla ya kufungua, maana transfoma ya 1541 ya mwanzo imo ndani ya kasha, upande wa nyuma. (Kama yako ilitoka Marekani, inataka volti 120, bila transfoma ya kushusha, umeme wetu utaiunguza.) Kuna skrubu nne chini ya kasha. Inua taratibu mkono wenye sufi, pangusa kichwa, na usiiloweshe ile sufi.

Sasa iulize draivu yenyewe tatizo ni nini. Taa inayopepesa inakwambia kuna kosa, basi. Maelezo yako kwenye chaneli 15, njia ambayo draivu hutolea ujumbe wake:

10 OPEN 15,8,15
20 INPUT#15,A,B$,C,D
30 PRINT A;B$;C;D
40 CLOSE 15

Lazima iwe programu yenye namba za mistari. Ukiandika INPUT# moja kwa moja utapata ILLEGAL DIRECT. Kumbuka pia kwamba LOAD"$",8 inafuta programu iliyo kwenye kumbukumbu, kwa hiyo soma orodha ya flopi kwanza, kosa likitokea ndipo uandike mistari hii na RUN. A ni namba ya kosa, B$ ni ujumbe wake, C ni namba ya traki (duara la data kwenye flopi), D ni sekta (kipande cha duara hilo). Kosa 62 ni jina ulilokosea au faili halipo. 23 na 27 ni hesabu ya uhakiki isiyolingana, mara nyingi uchafu au mkwaruzo. 21 ni kwamba draivu haioni alama yoyote ya kuanzia: flopi haijafomatiwa, haijakaa sawa, au kichwa kimehama. Kosa likiwa kwenye traki 18, usikate tamaa, maana hapo ndipo orodha ya mafaili ilipo. Mafaili yenyewe yanaweza kuwa mazima.

Kuhama kwa kichwa ni ugonjwa wa 1541. Haina kihisi cha traki ya kwanza, kwa hiyo ikipotea hurudisha kichwa nyuma mpaka kigonge kizuizi, ile trrrr unayoisikia. Kujipima ni rahisi: chukua flopi tupu usiyoijali, andika OPEN 15,8,15,"N0:JARIBIO,01":CLOSE 15, subiri kama dakika moja na nusu, hifadhi kitu, kisome. Ikisoma yake mwenyewe vizuri lakini inakataa flopi safi za watu wengine, kichwa kimehama. Usilegeze skrubu za mota ya kichwa kabla hujamaliza suala la uchafu. Wengi huziharibu draivu nzima hapo.

Flopi ikisomeka, inakili siku hiyohiyo. Kifaa kiitwacho ZoomFloppy kinaunganisha 1541 na kompyuta ya sasa kwa USB, na ukiwa na programu ya OpenCBM amri ni d64copy 8 jina.d64, inayotoa faili la D64, yaani nakala ya flopi nzima. Faili la traki 35 linatakiwa kuwa na baiti 174,848 kamili, yaani sekta 683 za baiti 256. Michezo yenye kinga dhidi ya kunakiliwa haitaingia vizuri kwenye D64, kwa sababu kinga nyingi ni makosa yaliyowekwa makusudi. Kwa michezo hiyo tumia programu za nibtools, ila kwa 1541 utahitaji kuongeza waya wa paraleli.