Sindano ya damu yako mwenyewe: goti la mama na kiwiko cha mchongaji

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, anaishi Newala, magoti yanamsumbua mwaka wa nne huu. Eksirei ilionesha yamesagika. Jirani aliyetoka Dar es Salaam amemwambia kuna sindano inayotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe, inarudisha ute na kuotesha gegedu upya. Mimi ni mchonga vinyago hapa Mikindani. Kiwiko cha kulia kinaniuma upande wa nje, hata kikombe cha chai kinanishinda. Mwaka jana nilichomwa sindano palepale panapouma, nikapona kabisa kama miezi miwili, kisha maumivu yakarudi kuliko mwanzo. Malipo ya korosho yakiingia, tumlipie mama sindano hiyo? Na mimi nichomwe?

JIBU: Marahaba kaka, na mama mfikishie shikamoo yangu. Hiyo "daktari" naipokea kwa heshima tu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, kazi yangu ni mazoezi tiba, na sichomi sindano za viungo. Ninaokutana nao ni watu waliokwisha kuchomwa, wengine zaidi ya mara moja, wanaokuja kuuliza mbona goti ni lilelile.

Jibu fupi: mama asichomwe kwa sasa, na wewe usirudie ile ya mwaka jana. Sababu zenu hazifanani, kwa hiyo nitawatenganisha.

Kwanza tujue tunazungumzia nini, maana huku kwetu "sindano ya goti" ni jina moja la dawa nyingi. Iko ya steroidi, inayotuliza uvimbe na maumivu haraka. Kwa ulivyoeleza, yako inaelekea ilikuwa hiyo. Iko ya kuongeza ute, yaani asidi ya hayaluroni, kitu cha jamii moja na kilichomo kwenye ute wa asili wa kiungo. Iko ya dekstrozi, sukari ileile ya kwenye dripu ila kali zaidi, inayochomwa makusudi ili kuwasha kano, zile kamba zinazoshikiza msuli kwenye mfupa, na kiungo, mwili uamke kujikarabati. Mtindo huo wa kuwasha ulienezwa Marekani na daktari George Hackett katika miaka ya 1950. Zinatangazwa pia sindano za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Na iko hiyo ya jirani yenu, ambayo mahospitalini utaisikia ikiitwa PRP.

PRP hutengenezwa hivi. Unatolewa damu mkononi, mililita 15 hadi 60 kutegemea mashine. Damu inazungushwa kwa kasi mpaka chembe nyekundu zizame, kisha wanachukua maji ya juu yenye chembe sahani nyingi, mara nyingi mara tatu hadi tano ya kiwango cha kawaida. Chembe sahani ndizo zinazogandisha damu ukijikata na patasi, na ndani yake zina protini zinazoita seli za kukarabati jeraha. Kwa hiyo wazo lenyewe si la kitapeli. Shida ni kwamba hakuna kipimo kimoja: mashine hii inakusanya chembe nyingi, ile chache, nyingine inabakisha chembe nyeupe na nyingine inaziondoa. Watu wawili waliochomwa PRP huenda wamechomwa vitu viwili tofauti.

Sasa goti la mama. Gegedu, yaani ule utelezi mgumu unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, haina mishipa ya damu, ndiyo maana haijikarabati kama ngozi au mfupa. Watu husema ute umeisha. Kumbe goti lililosagika mara nyingi lina maji mengi kuliko kawaida, ndiyo hayo yanayolivimbisha. Kilichopungua ni gegedu, na kinachouma ni mfupa ulio chini yake pamoja na utando unaozunguka kiungo. Ahadi ya "kuotesha gegedu upya" inagusa hasa sehemu ambayo sindano hii imepimwa ikashindwa.

Imepimwa wapi? Mwaka 2021 jarida la tiba la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa Australia uliohusisha watu 288 wa miaka 50 na kuendelea, wenye magoti yaliyosagika kwa kiwango cha chini hadi cha kati. Nusu walichomwa PRP mara tatu, wiki kwa wiki, na nusu maji ya chumvi ya hospitali, bila mgonjwa kujua amepata ipi. Baada ya mwaka mmoja, kwenye kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, waliopata PRP walikuwa wameshuka kwa pointi 2.1 na wa maji ya chumvi kwa pointi 1.8. Tofauti hiyo ni ndogo mno hata mgonjwa asingeihisi. Gegedu nayo, ilipopimwa kwa picha, haikutofautiana.

Angalia hapo: wa maji ya chumvi nao walipata nafuu. Kwa hiyo mtu akisema goti limepungua maumivu baada ya sindano, hadanganyi. Maumivu ya goti hupanda na kushuka, na mtu huenda kuchomwa siku yamepanda. Ziko tafiti nyingine, nyingi zikiwa ndogo, zilizoipa PRP alama nzuri zaidi, hasa ikilinganishwa na sindano ya ute, kwa hiyo utakutana na daktari mwaminifu anayeiamini. Lakini mwongozo wa mwaka 2019 wa madaktari wa baridi yabisi wa Marekani unaikataa waziwazi kwa goti lililosagika, pamoja na seli shina. Za seli shina ndizo ningezikimbia kabisa. Mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti wa watu 475, na baada ya mwaka mmoja seli za aina tatu tofauti hazikuipita steroidi ya kawaida.

Steroidi kwa mama? Goti likivimba vibaya hadi mama hapati usingizi, daktari anaweza kuichoma mara moja, ikamtuliza kwa wiki kadhaa. Isiwe mazoea. Watu waliochomwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu nyingi kuliko wa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana. Na kama mama ana kisukari aseme mapema, maana steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa.

Tiba iliyoshinda mizani kwa goti la mama haina mashine. Aketi kwenye kiti imara kisicho chini sana, mikono kifuani, asimame polepole na kuketi polepole, mara kumi, apumzike, arudie mikupuo miwili zaidi, siku tatu au nne kwa wiki. Akishindwa, aanze na kiti kirefu zaidi au ashike meza. Misuli ya mbele ya paja ikipata nguvu, goti linabebwa. Atembee pia kila siku kwenye tambarare. Wiki mbili za kwanza atalalamika, mvumilie. Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayaharibu kitu mradi kesho yake asubuhi yamerudi yalipokuwa. Kama ana uzito mkubwa, kila kilo moja anayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua.

Halafu tazama anavyoishi. Mwanamke wa Newala anaokota korosho ameinama, anabangua amechuchumaa, anarudi nyumbani anaketi juu ya mbuzi kukuna nazi, magoti karibu na kidevu. Goti lililosagika huchukia kukunjwa kiasi hicho. Korosho aziokote mwingine au mama azikusanye akiwa ameketi, nazi wakune wajukuu, jiko liinuliwe. Fimbo aishike mkono ulio kinyume na goti linalouma zaidi. Wengi hushika upande uleule na haiwasaidii sana. Jeli ya diklofenaki ya kupaka ni salama zaidi kuliko vidonge vyake. Hivyo vidonge, na zile sindano za tako za duka la dawa, kwa mtu wa miaka 61 zikitumiwa kila siku huumiza tumbo na figo na kupandisha presha. Nakuomba umuulize mama kwa upole anameza nini. Wazazi wetu hawasemi.

Fanyeni hivyo kwa miezi mitatu, mkisaidiwa na mtu wa mazoezi tiba. Ulizieni hospitali ya wilaya hapo Newala, au hospitali ya mkoa ya Ligula pale Mtwara, au ile ya rufaa ya kanda pale Mitengo mama akija kwako. Kama baada ya hapo bado usiku halali na kutembea ni shida, mazungumzo sahihi ni ya kubadilisha goti, upasuaji unaofanyika kwenye taasisi ya mifupa, MOI, pale Muhimbili, Dar es Salaam. Hela ya korosho ni heri ingoje hilo.

Ila kuna mambo yasiyongoja miezi mitatu: goti moja linalovimba ghafla, la moto, pamoja na homa, au uvimbe wa muda mrefu pamoja na kukonda na jasho la usiku, maana kifua kikuu huingia pia kwenye viungo. Hapo steroidi ni hatari, na goti linatakiwa lichunguzwe kwanza.

Mkiamua kwenda Dar hata hivyo, na ni haki yenu, ulizeni ndani ya bomba la sindano mna nini kwa jina, na kama kuna steroidi iliyochanganywa. Wengine huchanganya, na hiyo nafuu ya haraka huwa ya steroidi. Ulizeni damu inaandaliwaje na nani, ni sindano ngapi, na jumla ya gharama. Ongezeni wenyewe nauli ya zaidi ya kilomita 500 na pa kulala, mara idadi ya sindano. Kwa kuwa ni damu yake mwenyewe hatari ya mzio ni ndogo, lakini kuingiza vijidudu kwenye kiungo inawezekana mahali pasipo safi, na goti huuma zaidi siku chache za mwanzo. Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni huzubaisha chembe sahani, kwa hiyo husimamishwa kabla na baada. Anayekuchoma bila kukuuliza unameza nini, mwogope.

Tuje kwako. Misuli inayonyanyua kiganja imejishika kwenye kinundu cha nje cha kiwiko kwa kano. Kila unapokaza mpini wa tezo misuli hiyo inakaza, na mpingo ni mti mgumu hadi unazama majini, kila pigo linarudi mkononi. Kano iliyochoka hivyo, ikitazamwa kwa darubini, mara nyingi haioneshi uvimbe wa moto bali nyuzi zilizovurugika. Steroidi inazima maumivu, hainyooshi nyuzi. Mwaka 2013, kwenye utafiti wa Brisbane, Australia, wa watu 165 wenye kiwiko kama chako, waliochomwa steroidi walirudiwa na maumivu ndani ya mwaka kwa asilimia 54, na waliochomwa sindano isiyo na dawa kwa asilimia 12. Kilichokupata wewe ndicho hicho. Na PRP? Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 32 za kiwiko na kuona kwamba huenda haina faida ya maana.

Kano inahitaji mzigo unaopanda taratibu. Laza mkono juu ya meza, kiganja kikining'inia ukingoni kikitazama chini, ushike chupa ya maji ya nusu lita. Nyanyua kiganja kwa msaada wa mkono wa kushoto, kisha uachie wa kulia uteremshe peke yake, polepole, kwa hesabu ya tano. Mara 15, mikupuo mitatu, kila siku. Ikizoeleka, chukua chupa ya lita moja. Maumivu yasizidi manne kati ya kumi, na yawe yametulia asubuhi yake. Hesabu wiki 12, na usitegemee kitu mwezi wa kwanza.

Kuchonga usiache, punguza. Kazi ya tezo igawe vipande vifupi, katikati piga msasa. Mpini uzungushie tyubu ya baiskeli unenepe, maana mpini mwembamba unakulazimisha kubana zaidi. Ndoo na sufuria zinyanyue kiganja kikitazama juu. Vingi vya viwiko hivi hupona ndani ya mwaka au zaidi kidogo. Kama wiki 12 zimepita na bado kikombe kinaanguka, au vidole vinakufa ganzi, tafuta kipimo cha ultrasaundi kuona kama kano imechanika, na shingo nayo ikaguliwe, kwa sababu mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni unaweza kuleta maumivu kwenye kiwiko vilevile.